Mfungo na mlo kwa mwenye baridi yabisi: tathmini ya huduma ya wiki 12 mjini Lubumbashi

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa katika nyumba ya kupanga iliyoko komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, na mtaalamu wa lishe anayesaidiwa na muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mingi wodini. Inawalenga watu wenye baridi yabisi, yaani ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando wa ndani wa maungio, ukianzia mara nyingi kwenye vidole na viganja vya mikono yote miwili, na unaowapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Nilimsindikiza dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, tangu siku ya kujiandikisha hadi wiki ya mwisho. Nilikaa naye jikoni, nilisoma karatasi zote alizopewa, na nilizungumza na wagonjwa wenzake. Hukumu yangu naitoa mapema: huduma hii ni nzuri na inastahili fedha zake, lakini uzuri wake hauko kwenye mfungo unaotangazwa kwa herufi kubwa langoni. Uko kwenye wiki zinazofuata, mgonjwa anaporudishiwa vyakula kimoja kimoja huku akiendelea kumeza dawa alizoandikiwa na daktari wake.

Utaratibu ni huu. Mgonjwa analala pale siku 7 za mfungo, kisha anarudi nyumbani na kufika Jumanne na Ijumaa kwa ajili ya kupimwa, kupika pamoja na wenzake na kukaguliwa daftari lake la chakula, mpaka wiki 12 zitimie. Bei yote ni dola 150 zinazolipwa kwa awamu tatu, na vyakula vya kupikia nyumbani ni juu ya mgonjwa mwenyewe. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa ualimu fedha hizo si kidogo, ndiyo maana nimeona ni haki kueleza kwa urefu zinanunua nini.

Nianze na uandikishaji, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuwaamini. Hakuna anayepokewa bila karatasi za maabara: CRP na kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu, ambavyo huonyesha ukubwa wa uvimbe mwilini, kreatinini kwa ajili ya figo, vimeng'enya vya ini, sukari, asidi ya yuriki, na kipimo cha Emmel kwa asiyejua kama ana seli mundu. Mtu anaweza kujiuliza asidi ya yuriki inahusu nini na baridi yabisi. Inahusu sana. Hapa kwetu kila maumivu ya viungo huitwa rumatizimu, na baadhi ya wanaokuja wakichechemea ugonjwa wao ni jongo, yaani asidi ya yuriki iliyorundikana kwenye maungio. Mtu akifunga, ketoni, yaani kemikali zinazotoka kwenye mafuta yanayochomwa mwilini, huongezeka katika damu yake, nazo hushindana na asidi ya yuriki katika kutolewa na figo, hivyo asidi hubaki mwilini na inaweza kuamsha shambulio kali la jongo ndani ya siku chache. Baba mmoja aliyefika siku ileile na sisi, dole gumba la mguu limevimba hadi ngozi inang'aa, hakupokelewa hata senti. Aliketishwa, akaelezwa kwa upole kwa nini mfungo ungemzidishia, akaandikiwa barua ya kumpeleka kwa daktari. Pale ambapo wengine wangeona mteja, wao waliona mgonjwa asiye wao, na mimi naliheshimu jambo hilo kuliko mengine yote niliyoyaona katika nyumba ile.

Hali ni hiyohiyo kwa seli mundu. Upungufu wa maji mwilini hufanya chembe nyekundu za mgonjwa huyo zijikunje na kuziba mishipa, na maumivu yake ya mifupa na maungio yanaweza kudhaniwa ni baridi yabisi kwa muda mrefu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mama mjamzito, mama anayenyonyesha, mzee aliyekonda na mwenye vidonda vya tumbo, hao wote hawafungi pale hata wakisihi. Wanaweza kuingia moja kwa moja katika wiki za chakula, na bei inapunguzwa.

Jambo la pili lililonitia imani ni jinsi wanavyozishughulikia dawa. Yaya anatumia metotreksati, dawa ya kuituliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki, Jumapili usiku, na asidi foliki katika siku nyingine, pamoja na prednisoloni kidogo, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe, kila asubuhi. Muuguzi alimwomba atoe vidonge vyote aviweke mezani, akavihesabu, akaandika kwenye kadi ya njano kila dawa na siku yake, na ile siku moja ya metotreksati akaizungushia wino mwekundu, kwa kuwa dawa hiyo ikimezwa kila siku kwa kukosea huharibu uboho wa mifupa na inaweza kuua. Kisha akamwambia, nami nikisikia: «Mama, hapa hatukuondolei hata kidonge kimoja. Daktari wako ndiye aliyekupa, na ni yeye atakayekupunguzia kama ataona inafaa.» Yaya, ambaye alikuwa amekuja na matumaini ya kuziaga dawa zote siku hiyo, alinyamaza kidogo, akauliza: «Basi mfungo wa nini, mama?» Alijibiwa kwamba mfungo na mlo ni wasaidizi, na msaidizi hamfukuzi mwenye kazi.

Wanaodharau jambo hili hawajui linavyoumiza. Mtu aliyezoea prednisoloni kwa wiki nyingi, tezi zake zilizo juu ya figo zimekwisha kulala. Akiikata ghafla, presha inaweza kushuka, akazimia, hata akapoteza maisha. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa juu ya tumbo tupu huchoma utando wa tumbo, na mwili ukiwa umekaukiwa maji huzielemea figo. Metotreksati yenyewe hutoka mwilini kwa njia ya figo, kwa hiyo anayefunga bila kunywa maji ya kutosha anaifanya ikae ndani kuliko inavyotakiwa. Kwa sababu hizo kituo hiki kinadai barua ya daktari anayemtibu mgonjwa kabla ya siku ya kwanza, na kinauliza pia kuhusu unga na matone yanayouzwa sokoni kama dawa za asili, maana baadhi ya bidhaa za namna hiyo, katika nchi nyingi, zimekutwa zimechanganywa na dawa za jamii ya prednisoloni bila mnunuzi kuambiwa. Mgonjwa wa hivyo akiacha unga wake wakati wa mfungo, anakuwa ameacha steroidi pasipo kujua.

Mfungo wenyewe si wa kukaa na njaa kavu. Umefuata kwa karibu ule uliotumiwa na watafiti wa Oslo, Jens Kjeldsen-Kragh na wenzake, ambao mwaka 1991 walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wagonjwa 53 wa baridi yabisi. Wagonjwa 27 walipelekwa kwenye nyumba ya mapumziko kwa wiki nne, wakafunga siku 7 hadi 10, wakala mlo wa mimea mitupu usio na gluteni, ile protini ya ngano na nafaka za jamii yake, kwa miezi mitatu na nusu, kisha wakaruhusiwa maziwa taratibu. 26 walipewa mapumziko ya muda huohuo huku wakila kama kawaida yao. Katika mfungo ule waliruhusiwa chai za majani, mchuzi wa mboga, vitunguu saumu, maji ya viazi yaliyochemshwa na paseli, pamoja na juisi ya karoti, bitiruti na seleri, vyote kwa pamoja vikitoa kati ya kilokalori 190 na 300 kwa siku. Hapa Kampemba wanatumia karibu vitu hivyohivyo. Bitiruti na karoti hupatikana bila shida katika soko la komini ya Kenya, hapahapa mjini. Seleri wanaitumia kidogo kwa ajili ya harufu.

Wazo la kutibu viungo kwa kufunga lina historia yake, na mtaalamu wa lishe huisimulia jioni ya kwanza. Daktari wa jeshi la majini la Ujerumani, Otto Buchinger, alikuwa amelemazwa na maumivu ya maungio, na mwaka 1919 alifunga karibu wiki tatu mjini Freiburg chini ya uangalizi wa daktari mwenzake, Gustav Riedlin, akapata nafuu kubwa hata akaifanya njia hiyo kazi ya maisha yake. Ni simulizi la kutia moyo, lakini ni la mtu mmoja, na hakuna anayeweza leo kuthibitisha maungio yake yalikuwa na ugonjwa gani hasa. Ningependa wagonjwa wasimuliwe kwa mkazo uleule yaliyowapata wagonjwa wa Uswidi katika jaribio la mwaka 1979: wengi walipata nafuu walipokuwa wanafunga, kisha maumivu yakarudi walipoanza kula tena, ingawa walikula mboga na maziwa tu.

Kwamba nafuu huja, hilo niliona kwa macho. Kila asubuhi muuguzi alimpima Yaya nguvu za mikono kwa kutumia kile kifuko cha kupimia presha: anakikunja, anakipuliza hadi sindano isimame kwenye milimita 20 za zebaki, kisha mgonjwa anakishika kwa mkono mmoja na kukikamua kwa nguvu zake zote, na muuguzi anasoma sindano imepanda hadi wapi. Siku za mwanzo Yaya alikuwa anakishika kama mtu aliyeshika yai bichi, na sindano ilitikisika tu ikarudi. Kufikia mwisho wa mfungo sindano ilikuwa inapanda mpaka yeye mwenyewe akaomba arudie, na kukakamaa kwa asubuhi, ambako nyumbani kulimzuia kufunga vifungo vya blauzi mpaka jua lipande, kulikuwa kumefupika sana. Kipimo cha CRP nacho kilishuka.

Sababu zake si za kimiujiza. Mwili unaofunga huacha kutumia sukari ya chakula na kuanza kuchoma mafuta. Ketoni zinazotokana na mafuta hayo zimeonekana katika maabara kuzituliza baadhi ya njia za uvimbe, na chembe nyeupe za damu hupunguza utoaji wa kemikali zinazochochea maumivu. Lakini hali hiyo ni ya wakati wa mfungo. Mtu hawezi kufunga maisha yake yote, na mwenye baridi yabisi tayari hupoteza misuli kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Kila wiki ya njaa inamchukulia nyama ambayo kuirudisha ni kazi. Ndiyo maana nasema kwamba anayelipa kwa ajili ya siku zile 7 peke yake amenunua nafuu ya kukopa.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo wameliweka wazi, nami nawashukuru. Lubumbashi ni mji wa makanisa, na mfungo wa maombi unajulikana katika kila familia, ukiwemo ule wa kavu ambao mtu hanywi hata maji. Mgonjwa mmoja, mama wa komini ya Katuba, alitaka kuunganisha vyote viwili, afunge kavu kwa siku tatu katikati ya wiki ya mfungo. Mtaalamu wa lishe hakumkejeli wala hakuigusa imani yake; alimwambia kwamba wakati wa kumeza metotreksati maji hayakatazwi, kwamba anaweza kusali akiwa na kikombe mkononi, na kwamba asipokubali hilo ataombwa arudi nyumbani. Alikubali. Natamani wachungaji wetu nao walijue jambo hili, kwa sababu wao ndio wanaowaona wagonjwa hawa kabla ya daktari.

Sasa niingie kwenye sehemu ninayoithamini kuliko zote. Mfungo hufunguliwa taratibu, kwa mchuzi mzito na tunda lililopondwa, maana tumbo lililopumzika halipaswi kutwikwa bukari, yaani ugali, siku hiyohiyo. Kisha kila baada ya siku mbili kinaingizwa chakula kipya kimoja tu. Mgonjwa anaandika katika daftari alichokula, saa ngapi, na hali ya viungo vyake asubuhi na jioni. Ikiwa ndani ya saa 2 hadi 48 maumivu, uvimbe au kukakamaa vimezidi, chakula hicho kinaachwa kwa siku 7 au zaidi, kisha kinajaribiwa mara ya pili. Kikirudia kosa lake ndipo kinaondolewa. Utaratibu huu nao ni wa Oslo, na uzuri wake ni kwamba unamtoa mgonjwa katika utumwa wa makatazo ya kusikia. Yaya alikuwa ameacha nyanya, maharagwe, lengalenga (mchicha), chumvi na karanga, kila kimoja kwa ushauri wa jirani fulani, hata sahani yake ikabaki na bukari na huzuni. Daftari lilimrudishia maharagwe, likamrudishia lengalenga, likamrudishia na karanga. Kilichomsumbua mara zote mbili ni mkate wa ngano. Mtaalamu wa lishe alimweleza kwa uaminifu kwamba hilo si uthibitisho, kwa sababu Yaya alijua anachokula na huenda hofu ilimtangulia. Lakini kwa kuwa mkate si chakula cha lazima, hakuna hasara akiuacha.

Hapo ndipo nilipotambua jinsi mlo huu unavyoukaa mji wetu kuliko unavyoikaa miji ya Ulaya. Mgonjwa wa Oslo aliyeambiwa aache gluteni alilazimika kubadilisha kila kitu mezani pake. Mkazi wa Lubumbashi anayekula bukari wa mahindi au wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, matembele, chibwabwa ya majani ya maboga na maharagwe, gluteni yake iko kwenye mkate wa asubuhi, mandazi na makaroni, basi. Nusu ya mlo aliokuwa anatafutiwa tayari ulikuwa unapikwa na bibi yake.

Kwa sababu hiyo karatasi ya mapishi wanayoigawa katika wiki ya nne ilinisikitisha. Imenakiliwa kutoka Ulaya bila kufikiriwa: samaki aina ya salmoni, mafuta ya zeituni kwa vijiko, lozi, jibini isiyo na mafuta. Salmoni hatuna, na chupa ya mafuta ya zeituni katika maduka makubwa ya mjini ni bei ya kulisha nyumba siku kadhaa. Msingi wa karatasi hiyo naukubali. Chama cha madaktari wa maungio cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinapendekeza kwa wenye baridi yabisi mlo wa namna ya watu wa Bahari ya Mediterania, ingawa pendekezo lenyewe ni la masharti, na hakipendekezi milo mingine yenye majina. Uswidi mwaka 2003 walionyesha kwamba wagonjwa waliokula namna hiyo kwa wiki 12 walipata nafuu katika ugonjwa na katika uwezo wa kufanya kazi zao. Lakini kinachosaidia katika salmoni ni mafuta yake ya omega-3, na mafuta hayo yamo kwa wingi katika tomsoni, yule samaki wa baharini wa kugandishwa anayeuzwa katika kila soko la hapa. Kapenta huliwa na mifupa yao, kwa hiyo huleta kalisi ambayo mtumiaji wa prednisoloni anaihitaji sana, kwa kuwa dawa hiyo hudhoofisha mifupa. Karanga zipo, parachichi zipo. Mawese yapunguzwe tu, kwa kuwa karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda. Nilimwambia mtaalamu wa lishe haya yote. Alinisikiliza, akaandika, na Ijumaa iliyofuata tuliikuta tomsoni ya kuchemsha na vitunguu na nyanya kwenye sufuria ya mafunzo. Karatasi, hata hivyo, ilibaki ileile.

Mafunzo ya jikoni ndiyo yanayonifanya niipendekeze huduma hii hata kwa asiyefunga. Mjini Glasgow, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwachukua wanawake wenye baridi yabisi kutoka mitaa ya watu maskini ukawafundisha kupika kwa wiki sita, na waliofundishwa waliripoti maumivu kupungua na hali kuwa bora kuliko waliopewa karatasi tu. Naamini jambo hilo kwa sababu nimeliona. Mwenye vidole vilivyopinda anashindwa kutwanga sombe, anashindwa kusonga bukari wa watu wanane, anashindwa kumenya muhogo, basi anaishia kula kilicho rahisi, ambacho ni mkate na chai yenye sukari nyingi. Pale wanafundishwa kusonga bukari kidogo kidogo katika sufuria ndogo iliyobanwa kwa miguu, mwiko ukiwa umefungwa kitambaa unene wa mpini uongezeke, wakisukuma kwa mkono mzima mpaka begani badala ya kuuachia mzigo kifundo cha mkono. Sombe wananunua iliyokwisha sagwa kwa mashine sokoni. Yaya alikuwa hajasonga bukari kwa muda mrefu. Siku aliposonga ule wa kwanza, wa kuwatosha watu wawili, wale mama wengine walimpigia vigelegele, naye akaula wote bila kumgawia mtu.

Yapo mambo ambayo sikuyapenda, na lazima niyaseme. La kwanza ni lile bango la langoni na vipeperushi vyake, vinavyoahidi «kupona bila dawa». Ndani ya nyumba muuguzi anasema kinyume kabisa, kwa hiyo najua si uongo wao wa moyoni, ni tamaa ya kuvutia watu. Lakini mgonjwa anayesoma kipeperushi sokoni na asifike kamwe pale ndani atabaki na ahadi hiyo peke yake, na ataacha vidonge vyake. Maungio yanayoachwa bila dawa hulika, na mfupa ukishaliwa haurudi kwa mlo wowote. Wala utafiti hauungi mkono maneno makubwa hivyo. Uchambuzi wa mwaka 2001 uliojumlisha majaribio manne uliona kwamba mfungo unaofuatwa na mlo wa mboga kwa miezi mitatu au zaidi unaleta nafuu inayoonekana. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ubora wa tafiti za tiba, wa mwaka 2009 ukatahadharisha kwamba majaribio hayo ni madogo, yana kasoro, na kwamba wagonjwa wengi walikonda au walijiondoa. Mwaka 2022 hospitali ya Charité ya Berlin ikachapisha jaribio lililoulinganisha mfungo wa siku 7 unaofuatwa na mlo wa mimea, na mlo wa kutuliza uvimbe usiotanguliwa na mfungo: makundi yote mawili yalipata nafuu, na baada ya wiki 12 hakuna lililolishinda lenzake waziwazi. Hayo ndiyo maneno yanayostahili kuandikwa kwenye bango.

La pili ni nyumba yenyewe. Magodoro yako sakafuni, na mtu mwenye magoti ya baridi yabisi hawezi kuinuka kutoka sakafuni bila kuvutwa. Choo ni cha kuchuchumaa. Vyumba havina joto lolote, na sisi tulikwenda wakati wa kiangazi, miezi mikavu ambayo usiku wa Lubumbashi unauma kwa baridi, wakati mtu anayefunga husikia baridi maradufu kwa kuwa mwili wake unabana matumizi. Tulipeleka blanketi zetu na kiti chenye tundu tulichoazima kwa jirani. Kituo kinachopokea wagonjwa wa maungio kingeanza na vitanda.

La tatu, hakuna daktari anayefika hata mara moja katika wiki zote 12. Muuguzi ni mwangalifu na anapima presha, uzito na joto kila siku ya mfungo, lakini kipimo cha uzito kilipoonyesha katika wiki ya tano kwamba Yaya anazidi kupungua, alishauriwa tu aongeze uji wa soya na karanga. Uji ulimsaidia, na uzito ukasimama. Hata hivyo mgonjwa mwingine mwenye bahati ndogo angehitaji jicho la daktari mapema.

Kuhusu matokeo, niseme ninachokijua. Baada ya mfungo sehemu ya maumivu ya Yaya ilirudi, kama alivyoonywa. Mwisho wa wiki 12 CRP yake ilikuwa juu ya ile ya siku za mfungo, na chini ya ile aliyoingia nayo. Daktari wake ameibakiza metotreksati kama ilivyokuwa, ameanza kupunguza prednisoloni kwa hatua ndogo sana, na diklofenaki ambayo Yaya alikuwa anaimeza kila siku sasa anaitumia siku za shida tu. Ni kiasi gani cha nafuu hiyo kinatokana na chakula na kiasi gani kinatokana na kumeza dawa kwa mpangilio wa kadi ya njano, hakuna awezaye kutenganisha, na kwa familia yetu vyote viwili ni faida.

Anayetaka kujiandikisha apeleke vipimo visivyozidi mwezi mmoja, barua ya daktari na dawa zake zote pamoja na zile za sokoni, na afike asubuhi kwa kuwa mahojiano ya kwanza ni marefu. Aulize wazi kuhusu kuingia katika wiki za chakula bila kufunga, kwani hawalitangazi jambo hilo, na bei yake ni dola 90. Akiamua kufunga, achague miezi ya joto, na adai kitanda kabla ya kulipa awamu ya kwanza.